Vidole Vitatu Begani

Ile picha umeiona. Usikane. Umeiona kwenye bango la Gilgil gari likisimama watu wanunue viazi, umeiona kwenye fulana, umeiona kwenye simu ya mtoto wako. Jepleting, yule nyota wa maigizo, akiwa msichana, uso umegeuka kidogo, midomo imefunguka kama mtu aliyekumbuka jambo sasa hivi. Na kwenye bega lake la kulia, chini ya pindo la leso, kuna vidole vitatu. Uliviona. Ulijua vidole havioti begani. Ukaangalia kando.

Tena wengi wenu mmevifanya mchezo. Anayempenda Jepleting lazima apigwe picha akiwa ameweka vidole vitatu kwenye bega lake mwenyewe. Wanafunzi wa Njoro, makanga, bibi arusi na wasimamizi wake, mpaka mapasta. Mmeiga mkono na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza ni wa nani.

Wanyonyi alijua ni wa nani. Alijua kwa miaka ishirini na mbili, na alinyamaza.

Jumanne hiyo asubuhi alikuwa studioni kwake, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mbegu, nyuma ya soko la Nakuru. Suti ya kijivu ilining'inia kwenye msumari ikingoja Jumamosi. Barua ya mwaliko aliiweka juu ya meza mahali kila mteja angeiona: kwamba picha ya Jepleting imechorwa kwenye ukuta mzima wa nje wa ukumbi wa maonyesho, kwamba pazia litaanguka Jumamosi saa nne, na kwamba mpiga picha, Mzee Wanyonyi, ataketi safu ya mbele karibu na nyota mwenyewe. Alikuwa ameisoma mara nyingi hadi mikunjo yake ikaanza kuchanika.

Msichana aliingia bila kubisha, amevaa sweta ya mwanamume na raba zenye matope.

"Sasa, mzee."

"Poa. Pasipoti?"

"Hapana. Naitwa Mercyline. Natafuta picha ya mamangu. Ametuacha Jumapili."

"Pole sana, msichana wangu."

"Asante. Tunasafiri naye Ijumaa, mazishi ni Jumamosi huko nyumbani Ugenya. Sasa programu za mazishi zinaingia mashine leo kwa Gathogo wa kuchapa, hapo chini barabarani, na picha tuliyo nayo ni ya kitambulisho peke yake." Akamwonyesha kwenye simu. "Ona vile anakaa. Kama mtu ameitwa kwa chifu."

Wanyonyi aliinama aangalie, na kiti kikawa kama kimesogea chini yake. Uso ulikuwa umenona kidogo, nywele zilikuwa zimekatwa, lakini macho yalikuwa yale.

"Alikuwa anaigiza," Mercyline akaendelea. "Zamani, kabla nizaliwe na baadaye kidogo. Walikuwa wanazunguka mashule na ile michezo ya vitabu vya mtihani. Subukia, Njoro, Gilgil, kote huko. Alisema ni wewe ulikuwa unawapiga picha. Anaitwa Akoth."

"Akoth," Wanyonyi akasema. Akachukua kitambaa akaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

"Unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

Angesahauje? Kikundi chao kilikuwa na watu saba na sanduku moja la mavazi, wakicheza kwenye mabwalo ya shule huku wapishi wanasonga ugali nyuma ya ukuta. Akoth alikuwa mama, Jepleting alikuwa binti anayeozwa. Jepleting alikuwa na sura, hilo halikuwa na ubishi. Shida ni kwamba maneno yalikuwa yanamtoroka. Akisimama mbele ya wanafunzi mia sita alikuwa anaganda kama kuku aliyemulikwa. Basi Akoth alibuni njia. Katika kila onyesho alisimama nyuma ya binti yake, mkono begani, kama mama. Watu waliona mapenzi. Kumbe mkono ulikuwa kazini. Akimfinya mara moja, anza kusema. Mara mbili, nyamaza waache wacheke. Mara tatu, geuza uso kwa watu. Na neno likipotea kabisa, Akoth alilisema kwa mdomo uliofungwa nusu, akalisukuma kwa kidole cha kati, kile kilichopinda tangu utotoni kwa sababu ya mlango wa nyumba za reli alikozaliwa.

Wakaja studioni wote wawili wapigwe picha ya bango la kikundi. Wanyonyi aliwasimamisha mbele ya kitambaa chake cha maporomoko ya maji. Jepleting aliganda. Wanyonyi alihesabu, mbili, tatu, uso ukabaki ubao. Ndipo akaona vidole vya Akoth vikibana. Mara tatu. Uso ukageuka, midomo ikafunguka, na Wanyonyi akabonyeza. Ile sura mnayoipenda, ile ya mtu aliyekumbuka jambo, ni sura ya msichana aliyefinywa.

Mwaka uliofuata Jepleting alirudi peke yake. Watu wa televisheni Nairobi walitaka picha ya mtu mmoja. Alisimama pale mlangoni akikunja leso yake. "Baba Wanyonyi, si unitoe tu hapo kati?" Na Wanyonyi, ambaye hakuna mtu wa Nairobi aliyewahi kulitaja jina lake, alichukua wembe na nakala moja ya picha. Alimkata Akoth kwa kufuata mstari wa shingo na bega, akarefusha pindo la leso kwa wino mpaka likafunika kidole gumba na cha mwisho. Vitatu vya kati vilikataa. Kuvikwangua kungeharibu bega. Akasema peke yake, watu hawaangalii mikono. Akaipiga upya ile picha iliyokatwa, na pembeni akaandika jina lake kwa herufi za kuinama.

"Mzee?" Mercyline alikuwa anamwangalia. "Nauliza kama uko nayo yoyote. Hata ya kikundi."

Jibu lilitoka lenyewe. Lilikuwa limekaa mdomoni miaka mingi mpaka likazoea. "Zilichomeka. Ile Januari ya fujo za uchaguzi, elfu mbili na nane."

"Hata yeye alisema hivyo." Msichana akakaa kwenye stuli ya wateja, ile ya kuzunguka. "Sisi nyumba yetu ndiyo ilichomwa, na picha zake zote humo. Akasema atakuja kwako umpe ingine. Akarudi analia, si kwa sababu ya picha. Alikuwa anakulilia wewe. 'Hata Wanyonyi wamemmaliza,' alisema hivyo. Kesho yake akakuletea unga."

Wanyonyi akarudi kufuta lenzi.

"Kilo mbili, kwa karatasi ya kaki," Mercyline akasema. "Nilikuwa na miaka sita lakini huo unga naukumbuka, kwa sababu ulikuwa wetu. Ulitoka kwa kambi ya wakimbizi." Akacheka kidogo. "Usijali, mzee. Tulishiba baadaye."

Aliupokea. Hilo ndilo jambo ambalo Wanyonyi hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Studio yake haikuguswa. Mlango wa chuma, ghorofani, alikuwa na bahati. Na alisimama hapa hapa, filamu zote zikiwa salama kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, akapokea unga wa mwanamke aliyeunguliwa kweli, akasema asante mama. Alifikiria kuutupa. Hakuutupa. Waliula.

"Unajua walikuwa wanamwita nani huko kwetu mtaa wa Flamingo?" Mercyline akauliza. "Mama Mkono. Kila akiona bango la Jepleting alikuwa anasimama na kusema, huo mkono ni wangu. Watu wakacheka mpaka watoto wakaanza kumwimbia. Nikiwa Fomu Tatu nilipiga picha na mabeshte zangu, zile za vidole vitatu. Akaiona kwa simu. Akaniambia, 'Mercy, hapo mnashikwa na mimi.' Nilimwambia aache kuniaibisha." Akainua mabega. "Sasa natafuta picha yake na sipati. Ni sawa. Nitaweka ya kitambulisho."

Akainuka. Mlangoni akageuka. "Jumamosi utakuwa kwa ile sherehe, nimeona barua. Hongera, mzee."

Hatua zake zilishuka ngazi polepole.

Wanyonyi alisimama pale hadi mteja mmoja alipochungulia, akaona uso wake, akarudi. Kisha akavuta stuli, akapanda, akashusha mkebe. Mfuniko ulikuwa umeshika kutu ukamkata kidole. Alizijua bahasha bila kusoma. Aliitoa filamu akaishika dirishani. Wanawake wawili, weusi mahali pa weupe, nywele kama maziwa, mkono mmoja mrefu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Hakuna mahali umekatwa.

Akapiga simu. Alisema moyoni ni heshima tu, lazima Jepleting aambiwe kwanza. Ukweli ni kwamba alitaka mtu amkataze.

Aliyeshika ni Kibii, meneja wa Jepleting. "Mzee wetu. Suti imepigwa pasi?"

"Imepigwa. Nipe Jepleting."

"Ako kwa mekapu. Niambie mimi nitamfikishia."

"Mwambie Akoth amekufa."

Simu ikabadilisha mkono. Sauti ya Jepleting ilikuwa ile ile ambayo nchi nzima inaijua, ila ndogo. "Lini, Baba?"

"Jumapili."

"Mimi bado huvisikia vile vidole," akasema. "Nikipanda jukwaani nikisahau, nasimama tu nangoja anifinye. Watu wanasema ni kipaji, ati najua kutumia kimya." Akavuta kamasi. "Alikuwa anafinya vibaya yule mama. Nilikuwa na alama."

"Mtoto wake anataka ile picha. Nzima. Ya programu."

"Si ulisema zilichomeka?"

"Nilisema."

Akasikia mtu akimnong'oneza upande wa pili, na sauti ikarudi ikiwa imepanguswa. "Baba, tuvuke Jumamosi kwanza. Televisheni itakuwa hapo, wadhamini, gavana ametuma mtu. Jumatatu uitoe, hata mimi nitaandika kitu kizuri juu yake. Jumatatu."

"Jumatatu atakuwa amezikwa."

"Ndiyo nasema hakuna haraka."

Wanyonyi aliweka simu chini taratibu. Alikuwa amekatazwa, kama alivyotaka, na kwa mara ya kwanza alisikia jinsi maneno yake mwenyewe yalivyokuwa yanasikika yakitoka kwa mtu mwingine. Hakuna haraka. Watu hawaangalii mikono. Zilichomeka.

Aliibandika filamu kwenye kioo cha dirisha kwa gundi ya karatasi, akaipiga kwa kamera yake ya siku hizi, akashuka.

Kwa Gathogo mashine zilikuwa zinanguruma. Gathogo mwenyewe, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni moja kichwani, alikuwa amekunja uso mbele ya kompyuta. Mercyline alikaa pembeni yake. Uso wa kitambulisho ulijaa skrini nzima.

"Huyu mama amekasirika na nani?" Gathogo alikuwa akiuliza. "Nikimkuza zaidi atatoka atuchape."

"Gathogo," Wanyonyi akasema, "fungua hii kadi. Ni filamu, geuza rangi."

Gathogo alibonyeza. Nyeusi ikawa nyeupe, nyeupe ikawa nyeusi, na wakatokea. Maporomoko ya maji nyuma. Jepleting na sura yake maarufu. Na kushoto, kimo kikubwa kuliko yeye, kilemba kimefungwa vizuri, Akoth. Hakuwa anaangalia kamera. Alikuwa anamwangalia msichana, kama fundi anayesikiliza injini aliyoiwasha, na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na kicheko kinachozuiwa. Mkono ulitoka kwake ukaenda begani bila kukatika popote. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda.

Mashine moja ilimaliza kazi ikanyamaza.

"Wee," Gathogo akasema polepole. "Kumbe Mama Mkono alikuwa anasema ukweli. Na mimi nilikuwa namwimbia."

Mercyline akasogea karibu na skrini. Alinyoosha kidole chake mwenyewe akagusa kile kilichopinda, pale kwenye kioo. Kisha akageuka.

"Ulikuwa nayo wakati ule wa unga?"

Wanyonyi alijua angeweza kusema aliipata juzi, imeangukia nyuma ya kabati. Ingeaminika. Msichana huyu angeamini, kwa sababu mamake alimlea kuamini watu.

"Nilikuwa nayo."

"Na leo asubuhi?"

"Na leo."

Alimwangalia hadi Wanyonyi akaona kama yeye ndiye aliyewekwa mbele ya kitambaa na mtu hataki kubonyeza. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Gathogo, weka ukurasa wa kwanza," akasema. "Iwe kubwa. Na maneno ya chini ataandika huyu mzee, kwa sababu mimi sijui yaliyofanyika. Yeye ndiye anajua."

Gathogo akampisha kiti. Wanyonyi huandika kwa kidole kimoja. Alianza, Akoth, mwigizaji. Akafuta. Akaandika, kwa kumbukumbu ya. Akafuta. Mercyline alisimama nyuma yake, na kwa sababu chumba kilikuwa kidogo, mkono wake uliegemea mgongo wa kiti, karibu kabisa na bega la mzee, bila kumgusa. Mwishowe aliandika: *Kushoto ni Akoth. Mkono begani ni wake. Aliyemkata kwenye picha ile nyingine ni mimi, Wanyonyi. Filamu haikuchomeka.*

"Nitakuja mazishi," alisema alipomaliza.

"Usikuje." Mercyline alikuwa anakunja mara nne karatasi ya majaribio yenye picha ya kitambulisho. "Jumamosi kaa mbele, vile walikualika. Kaa na programu ya mamangu mkononi."

Kwa hiyo Jumamosi alikaa mbele. Suti, mahema meupe, jua kali la saa nne. Pazia likaanguka na Jepleting akatokea ukutani, mrefu kama nyumba, vidole vile vitatu kila kimoja kikubwa kama mkungu wa ndizi. Fundi wa rangi alikuwa ameiga kila kitu kwa uaminifu, mpaka kile kilichopinda. Umati ukaguna kwa raha. Kote mikono ikapanda mabegani, vidole vitatu, simu juu.

Mfawidhi wa sherehe akamletea kipaza sauti. "Mzee Wanyonyi, leo utuambie. Siri ya ile sura ni gani?"

Wanyonyi akasimama. Programu ilikuwa mkononi mwake. "Siri ni kwamba alifinywa," akasema.

Watu walicheka. Walicheka vizuri, kama wanavyochekea wazee.

"Alifinywa na Akoth. Huo mkono ni wa Akoth. Mimi nilimkata kwa wembe, nikamdanganya, na leo anazikwa."

"Mzee na vichekesho vyake," mfawidhi akasema, tayari ameshika kipaza sauti. "Makofi kwa mzee wetu." Na mkapiga. Msiseme hamkuwa pale. Video iko, mmeitumiana, mmeandika chini yake kwamba mzee ni noma. Jepleting peke yake hakupiga makofi. Aliangalia miguu yake, na mkono wake ukaenda begani, si kwa ile pozi. Alipasugua mahali pale, kama mtu mwenye alama ya zamani. Kisha Kibii akamgusa kiwiko, akatabasamu.

Wanyonyi alimpa mama aliyeketi karibu naye ile programu. Mama akasoma jina, akasema pole, akaanza kujipepea nayo.

Sherehe ilipoisha alibaki. Mahema yalipofunguliwa alikwenda duka la vitabu ng'ambo ya barabara akarudi na pakiti ya chaki. Kushoto, chini ya vile vidole, ukutani, kuna nafasi. Fundi aliiacha wazi, rangi ya samawati tupu, saizi ya mtu mzima. Wanyonyi akaandika hapo kwa herufi kubwa, zikashuka upande mmoja kwa sababu alikuwa akinyoosha mkono: AKOTH.

Mvua ya mchana ikaosha. Jumapili akaandika tena. Jumatatu, siku ile ambayo Jepleting aliahidi kuandika kitu kizuri, hakikuandikwa kitu isipokuwa na yeye. Askari wa ukumbi amemzoea, humwambia, "Mathe wako ameoga tena jana." Anapoandika watu hupita nyuma yake wakienda kupigwa picha na vidole vyao begani, na humwomba asogee kidogo, anaingia kwenye picha.

Yeye ni mtu mmoja mwenye miaka sitini na bega bovu. Chaki haishindi mvua ya Nakuru. Mikono hamsini ingeishinda, mikono mia ingewalazimisha wenye ukumbi walete rangi.

Wewe uliyeupitia huo ukuta jana unaijua njia yake. Chaki iko dukani ng'ambo. Jina lina herufi tano. Funga hii karatasi, nenda sasa hivi, uandike kabla ya mvua ya saa tisa.